Ukitaka kufufua gari la kale, fika Bodo kwanza

Huenda mnalo nyumbani kwenu. Limesimama uani juu ya mawe manne, kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma, na kila Krismasi au kila Idi baba huapa kwamba mwaka ujao litatembea. Ni Peugeot 504 la babu, ama Volkswagen Beetle, lile la mgongo wa kobe, ama Land Rover ambalo hakuna akumbukaye lilinunuliwa kwa nani. Kila ukilipita mikono inakuwasha. Unajisemea: je, na nikilifufua?

Naam, yawezekana. Lakini kabla hujamwita fundi na kabla hujatoa hata senti moja, nakuomba Jumapili moja uwachukue watoto mwende Bodo.

Najua utashangaa. Bodo si mahali pa magari. Ni kijiji cha wavuvi katika Kaunti ya Kwale, upande wa kusini wa Msambweni, na watalii wengi hawakijui kwa jina ingawa wamekipitia wakienda kupanda mashua za kisiwa cha Funzi. Lakini mimi sijaona shule bora kuliko hiyo kwa mtu anayetaka kukifanya kitu cha kale kiwe kizima tena bila kujifilisi.

Ukiwa Mombasa, utavuka kwa feri ya Likoni. Asiyependa feri siku hizi anayo barabara ya Dongo Kundu, inayokuingiza Kwale bila kukanyaga maji. Kisha ni Waa, Tiwi, na Ukunda. Hapo Ukunda magari mengi ya starehe hupinda kushoto kwenda Diani kwenye mahoteli. Wewe usipinde. Endelea na barabara ya Lunga Lunga mpaka Gazi, na kama watoto wamechoka kukaa, hapo ndipo pa kuwashusha. Waonyeshe mikoko ambayo wanakijiji huitunza na kuuza hewa ya kaboni yake kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013. Waambie pia kwamba hapa ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kukimbilia upande wa Wajerumani. Ukishapita Msambweni uliza njia ya Bodo, inayoshuka mkono wa kushoto kuelekea baharini. Mwendeshaji yeyote wa bodaboda atakuonyesha.

Jitahidi kufika maji yakiwa yametoka. Bahari inapojaa utaona mandhari tu, minazi, mikoko, na Funzi ng'ambo. Inapokupwa ndipo vyombo vinapokaa mchangani na matumbo yake kuonekana. Utaona mitumbwi, utaona ngalawa zenye matengo yake mawili kama mikono ya mtu anayejinyoosha, na utaona mashua za mbao. Siku hizi ziko pia boti za faiba, ambazo hazili pamba wala mafuta, na vijana wengi wanazipenda kwa sababu hiyo hiyo. Bahati yako ikiwa njema, utakuta chombo kimeegemezwa magogo na fundi yuko chini yake. Mpe shikamoo yake, omba ruhusa, ukae kitako kivulini utazame. Usianze na maswali.

Kwanza tazama asichokifanya. Hagusi rangi. Chombo kinaweza kuwa kimechujuka hadi kufanana na jivu, naye hashughuliki. Anaanza na mkuku, ule mti wa chini unaobeba kila kitu, kisha mataruma, yaani mbavu. Anagonga mbao moja moja kwa mpini wa nyundo huku akisikiliza. Mbao nzima hulia, iliyooza hujibu kama mto wa pamba. Inayojibu hivyo huitoa, hata kama kwa macho inapendeza. Halafu kwenye maungio hutia kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta, akiishindilia kwa patasi mpaka isipite tone. Chini ya mstari wa maji hupaka deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, na mbao za juu hunyweshwa sifa, yale mafuta ya samaki ambayo harufu yake itakaa kwenye nguo zako mpaka Jumatano. Rangi huja mwisho kabisa, pesa zikisalia.

Tazama pia kwamba kazi haiishi. Chombo hurudi pwani kila baada ya muda, hasa wakati wa kusi bahari inapochafuka, na hutolewa mbao mbili tatu, hutiwa pamba mpya, hushuka tena. Mwenyewe hajifichi kwamba atarudi. Ameiweka gharama hiyo katika hesabu za nyumba yake pamoja na unga na karo.

Sasa turudi kwa lile gari lako la uani.

Jambo la kwanza ni kwamba huwezi kuagiza la kale kutoka Japani au Uingereza kama watu wanavyoagiza Vitz. Sheria ya Kenya, isipokuwa kwa wachache wenye ruhusa maalumu, hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu kutengenezwa. Kwa hiyo magari ya kale tunayoweza kuyafufua ni yale yale yaliyokwisha kuwamo nchini, na kila moja linalokatwakatwa kuwa chuma chakavu limekwenda, halirudi. Hii ndiyo sababu nasema kazi hii si mchezo wa matajiri peke yao. Lile 504 la babu, ambalo kwa miaka mingi liliunganishwa hapa hapa Mombasa, ndilo aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Kabla yake ni 404, iliyoshinda mara nne kati ya 1963 na 1968. Watu wanaomiliki historia kama hiyo wanafugia kuku ndani yake!

La pili ni karatasi. Kabla ya kununua, hata kama muuzaji ni mjomba wako, linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizo kwenye kitabu cha gari, kisha hakikisha umiliki unaweza kubadilishwa NTSA. Magari mengi ya kale bado yako kwa majina ya marehemu. Kulipata jina hilo libadilishwe kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kulipata gari lenyewe litembee, maana huenda ukahitaji stakabadhi za urithi kutoka mahakamani. Shughulikia hilo kwanza, ndipo ufungue boneti.

Sasa pesa. Wengi humuuliza fundi, “Itagharimu kiasi gani?” Hilo ni swali la nyuma mbele. Jiulize kwanza nyumba yako inaweza kutoa kiasi gani bila kugusa karo, kodi, na chakula. Tuseme, kwa mfano tu, ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 120,000, kwa miaka mitatu ni 360,000. Hiyo ndiyo bajeti yako, na hiyo miaka mitatu ndiyo ratiba yako. Usikope. Mkopo wa kununulia gari la kazi unaweza kujilipa. Mkopo wa gari la kupendezea utakulipisha wewe.

Kutoka hizo 360,000, usitumie zaidi ya robo, yaani 90,000, kununulia. Kama mwenye gari anataka zaidi, subiri au tafuta jingine, au ongeza mwaka wa kuweka akiba. Robo nyingine, 90,000, ifiche. Usimwambie fundi kwamba ipo. Hiyo ni ya yale ambayo hayakuonekana siku ya kwanza, na katika gari la kale yasiyoonekana ndiyo mengi. Zinabaki 180,000 za kazi. Mimi ningezigawa hivi: 70,000 za chesisi na bodi, kukata kutu na kuchomelea, 50,000 za breki, usukani, na magurudumu, 40,000 za injini na giaboksi, 20,000 za nyaya na taa. Na rangi je? Rangi itatoka kwenye ile robo iliyofichwa, ikiwa kitu kimesalia. Kama hakijasalia, endesha gari lako likiwa na mabaka. Chombo cha Bodo kilichojaa mabaka kinavua samaki kama kile chenye rangi mpya.

Utaona nimeiweka injini nyuma ya kutu. Mafundi wengi watakubishia. Lakini injini ya 504 au ya Beetle inafunguliwa, inapimwa, inafungwa. Kutu ya pwani ni ugonjwa mwingine. Chumvi huingia ndani ya vizingiti vya milango na kwenye mikunjo ya sakafu, ikala polepole kutoka ndani, na nje hakuna dalili. Fanya kama fundi wa mashua: pita na mpini wa bisibisi, gonga, sikiliza. Panapotoa sauti ya bati lililojaa mchanga pamekwisha. Na jihadhari na puti. Muuzaji mjanja huziba matundu kwa puti, akapaka rangi, gari likang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Chukua sumaku ndogo. Isiponata kwenye bodi ya bati, chini yake hakuna bati. (Kwa Land Rover sumaku haitakusaidia, maana sehemu kubwa ya bodi yake ni aluminiamu. Lakini chesisi yake ni chuma, na ndiyo inayooza, kwa hiyo lala chini uikague.)

Kuhusu injini, neno moja. Tangu 2006 Kenya haiuzi petroli yenye risasi, na Agosti 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba dunia nzima imeacha kuyauzia magari petroli hiyo. Ni habari njema kwa akili za watoto wetu. Lakini baadhi ya injini za miaka ya 1950 na 1960 zilitegemea risasi hiyo kulinda vikalio vya valvu. Ukiifungua injini ya namna hiyo, mwambie fundi aweke vikalio vigumu papo hapo. Ni nafuu kuliko kuifungua mara ya pili.

Vipuri nunua mwenyewe. Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado huiita Grogan, ina maduka ambayo ukiingia na kipande cha zamani mkononi utatoka na mwenzake au na jina la mtu aliye naye. Fundi mlipe kwa kazi iliyokwisha, si kwa siku. Weka daftari la kurasa 40 na uandike kila kitu, hata soda ya kijana aliyekushikia tochi.

Na daftari hilo lisiwe siri. Hapa nasema na akina baba hasa. Nimeona nyumba ambazo gari la kale limegeuka mke mwenza: linavikwa, linanyweshwa, linatembelewa usiku, na mwenye nyumba halali haambiwi limepewa nini. Mkeo ana haki ya kuliona daftari, na ana haki ya kusema mwezi huu hapana. Kuna pia akina mama wanaoshika spana vizuri kuliko waume zao, na katika nyumba hizo shauri hili ni la mume. Mweke mtoto mmoja awe mwandishi wa daftari na mwingine mshika tochi. Atakayeng'oa kabureta, akaiosha na kuirudisha, akasikia injini ikiitika, hatasahau kamwe, na hilo hulipati kwa karo ya shule yoyote.

Ukifika mbali, dunia ya starehe hii ni pana. Kila mwaka, kwa kawaida Septemba, kuna maonyesho ya Concours kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, yaliyoanza 1970, ambako waamuzi hulikagua gari hadi chini ya tumbo. Na tangu 2003 kuna mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yanayofika mara nyingi huku pwani. Mwaka 2009 Mkenya Ian Duncan aliyashinda kwa Ford Mustang, gari ambalo wengi wangesema ni la lami tu. Nenda ukatazame, ufurahi, ila usijipime nao. Wale hutumia kwa wiki moja zaidi ya daftari lako lote.

Lako litakapotembea, lipeleke Bodo. Ondokeni Mombasa alfajiri, kabla jua halijaichemsha redieta, na beba lita kumi za maji, mkanda wa feni, na waya. Egesha juu, kwenye minazi, mbali na rushirushi za mawimbi, wala usishawishiwe na yeyote kulishusha mchangani kwa ajili ya picha. Kabla ya kupanda mashua ya Funzi patana nauli ya kwenda na kurudi, na muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi. Agiza samaki mapema, kwa sababu hapa huvuliwa kwanza ndipo hupikwa. Kama yule fundi yuko chini ya chombo chake, mwite aje alione gari. Huenda akaligonga kwa kidole hapa na pale, akainamisha kichwa akisikiliza. Anapokunja uso, weka alama.

Rudini kabla ya magharibi, maana taa za magari hayo zilitengenezwa kwa barabara zisizokuwa na malori ya leo. Na usiku huo huo, hata kama umechoka, chukua mpira wa maji ya mfereji ulioshe gari tumboni, kwenye matao ya magurudumu na ndani ya vizingiti, mpaka maji yanayotoka yawe meupe na ukiyaonja yasiwe na chumvi.