Snea Ikikoroma

Wanachama wenzangu, kabla kamati haijapiga kura kwamba sherehe ya mwaka huu tukodi DJ, naomba nisikilizwe kuhusu snea. Kikaoni ilisemwa bendi yetu inakoroma. Kweli, ilikuwa inakoroma. Lakini mkoromaji alikuwa mmoja tu, na ameshatibiwa kwa bisibisi.

Snea ni ile ngoma fupi inayokaa katikati ya magoti ya mpiga drams. Chini yake kuna ngozi nyembamba (tunaiita ngozi ingawa ni plastiki), na hapo zimelala nyaya zilizosokotwa kama springi, kwa kawaida 20. Ukipiga juu, hewa inaisukuma ngozi ya chini, nyaya zinaruka na kuirudia: ndiyo ile "cha!" mnayoisikia. Kwa muziki wetu hilo si jambo dogo. Mdundo wa cavacha, ambao Meridjo Belobi wa Zaiko Langa Langa ya Kinshasa anasifiwa kwa kuuanzisha miaka ya 1970, ukafika hadi Nairobi kwa akina Super Mazembe na Les Mangelepa, unataka snea inayotamka. Sebene ikianza na snea ina kigugumizi, nani atanyanyuka kwenye kiti?

Hii ya kwetu ni ya kuazima, na nyaya mbili zilikuwa zimekatika, nyingine zimevutika zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Waliotutangulia walikuwa wanakaza tu kila zikilegea. Sasa waya uliovutika hauponi kwa kukazwa. Unaikaba ngoma koo tu, na mapigo madogo yote yanamezwa.

Basi nikaenda duka la ala hapa hapa London, nikanunua seti ya inchi 14. Nikaipindua ngoma, nikafungua swichi ya pembeni, nikalegeza skrubu zinazobana utepe, nikatoa zile kuukuu. Mpya zikae katikati kabisa, zipite pale ukingo wa ngoma ulipochongwa kibonde, utepe uvutwe sawa pande zote mbili. Kitasa cha kukazia kiache katikati ya safari yake ili baadaye uweze kwenda huku au kule. Washa swichi, gonga ngozi ya juu kwa ncha ya kidole, kaza kidogo, gonga tena. Ikijibu kidole, acha hapo hapo. Wengi hawaachi.

Bado gitaa la besi likigusa nota fulani nyaya zinatetemeka zenyewe. Hilo halimaliziki, jamani. Ngoma hizi zinaishi chumba kimoja. Unalipunguza kwa kubadili kidogo mkazo wa ngoma ya jirani. Na wimbo ukiwa wa taratibu mimi nazima swichi kabisa, snea inalia kama ngoma ya nyumbani, sebene ikifika naiwasha.

Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na mbili jioni, chumba kile kile. Wajumbe wa kamati, njooni na masikio yenu.