Pilipili ya Mombasa na Ulimi wa Mgeni

Mgeni atokaye bara afikapo Mombasa hupenda kwenda jioni ufukoni Mama Ngina kupunga upepo wa bahari. Hapo huuzwa mihogo ya kuchoma, iliyopasuliwa na kupakwa chumvi, ndimu na pilipili ya unga. Mwenyeji huila huku akizungumza. Mgeni hutokwa na machozi, na watu wakamcheka.

Lakini ulimi wa mtu wa pwani haukuumbwa mbali na wa mwenzake. Asili ya pilipili hiyo ni Amerika. Wareno ndio walioieneza katika pwani za Afrika na Bara Hindi katika karne ya 16. Kwa hiyo wazee wa Mombasa nao walijifunza kuila.

Ukali wake si ladha, wala si moto wa kweli. Ndani yake mna kapsaisini, ambayo huamsha mishipa ya fahamu ihisiyo joto. Mtaalamu David Julius wa Marekani na wenzake walieleza jambo hilo mwaka 1997, naye akashiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Mishipa hiyo huzoea kwa mtu alaye kidogo kidogo kila siku. Maji hayasaidii sana, maana kapsaisini haiyeyuki vema majini. Maziwa hufaa zaidi.

Basi mgeni asione haya kuomba mhogo wenye pilipili haba, na mwenye kuumwa tumbo aiache kabisa. Mwenyeji naye asimcheke mtu kwa jambo ambalo yeye alifundishwa utotoni.