Joto Linalolipiwa Mara Mbili

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi Kiswahili, hutarajia nitaje Nairobi au Dar es Salaam. Mimi ni Mganda wa Masaka, na shuleni kwetu Kiswahili hakikufundishwa. Nilianza kukizungumza Edmonton, nchini Kanada, ndani ya uwanja wa barafu, nikiwa nimevaa makoti mawili. Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye vijana wote pale tulimwita Papa.

Nilikwenda huko baada ya kumaliza kidato cha sita, nikakaa na shangazi yangu kwa misimu miwili ya baridi. Nilipata kazi ya jioni katika uwanja wa mtaa, ambako watoto hujifunza kuteleza na watu wazima hucheza hoki ya barafu. Mwanzoni nilifagia vyumba vya kubadilishia nguo. Baadaye Papa alinifundisha kuendesha mashine ya kusawazisha barafu, ile ambayo Frank Zamboni aliibuni Marekani mwaka 1949.

Kwa wenzangu ambao hamjauona uwanja wa namna hii, nieleze kwa ufupi. Chini ya barafu kuna sakafu ya zege, na ndani ya zege kuna mabomba yanayopitisha maji ya chumvi yenye baridi kali. Kompresa hufanya kazi ile ile inayofanywa na friji ya nyumbani, ila kwa ukubwa wa ajabu: huvuta joto kutoka kwenye barafu na kulitupa nje. Viatu vya wachezaji hukwaruza barafu, kwa hiyo kila baada ya saa moja hivi mashine hupita. Wembe wake mpana hunyoa uso wa barafu, unga wa barafu hukusanywa ndani ya sanduku, na kitambaa kilichoning'inia nyuma hutandaza maji ya moto. Maji hayo hujaza mikwaruzo, yakaganda, na uwanja ukawa mpya.

Ndiyo, maji ya moto, ya nyuzi joto 60 hivi. Siku ya kwanza nilidhani sikumsikia Papa vizuri. Mama yangu anauza chai na chapati karibu na stendi ya Masaka. Tangu utotoni nilizoea kusikia akitugombeza tukijaza birika kupita vikombe vilivyoagizwa. Kwake maji ya ziada ni mkaa uliopotea. Na hapa mimi, mtoto wake, nilikuwa nachukua tangi zima la maji ya moto na kulimwaga juu ya barafu mara nane kwa siku.

Usiku mmoja nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya ratiba. Kila mzunguko ulitumia lita 500 hivi. Kuyatoa maji kwenye nyuzi 10 hadi nyuzi 60 kunahitaji nishati sawa na uniti 29 za umeme. Nyumbani kwetu uniti 30 hututosha karibu mwezi mzima, kwa taa, redio na kuchaji simu. Na si hayo tu. Joto lile lile lililonunuliwa ili kuyapasha maji moto, kompresa lazima iliondoe tena kabla maji hayajaganda. Unalilipia likiingia, unalilipia tena likitoka. Niliitazama karatasi ile nikaona aibu, kana kwamba mama alikuwa amesimama nyuma yangu.

Kesho yake nilimpelekea msimamizi hesabu yangu, nikamwomba tujaribu maji yasiyo moto sana. Alicheka, ingawa si kwa ubaya. Alisema kila mtu anayefanya kazi ya barafu anajua kuwa maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi, na kwamba mwanafunzi mmoja alikwisha kuliona jambo hilo zamani. Je, mimi nilitaka kubishana na sayansi? Kiingereza changu kilitosha kumwelewa, lakini ujasiri wangu haukutosha kumjibu. Nilikunja karatasi nikarudi kazini.

Papa alinikuta kwenye chumba cha mashine nikiwa nimenuna. Nilimweleza yote kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. Alisikiliza, kisha akasema, "Mutoto wangu, mbele ya kuhesabu moto ya mayi, hesabu kwanza barafu." Akaniambia nilete drili.

Tulitoboa barafu sehemu kadhaa na kupima kina chake. Pembeni ilikuwa na unene wa sentimita 3, kama inavyotakiwa. Katikati ilikuwa sentimita 5. "Nani anatia mayi mingi hapa?" aliuliza. Hakungoja jibu, kwa sababu mwendeshaji wa zamu za jioni nilikuwa mimi. Nilipofika katikati nilikuwa napunguza mwendo ili nisikosee njia, huku nikiacha bomba wazi vile vile.

Papa alinieleza kosa langu kwa mfano wa blanketi. Baridi inatoka chini kwenye mabomba, na wachezaji wako juu. Barafu ikiwa nene, inakuwa blanketi kati yao. Ili uso ubaki kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri, maji ya chumvi lazima yapozwe zaidi, na kompresa ifanye kazi muda mrefu zaidi. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimemshtaki msimamizi kwa kupoteza nishati wakati mkono wangu mwenyewe ulikuwa ukiipoteza kila jioni.

Kwa wiki tatu tulinyoa katikati kidogo kidogo na kumwaga maji machache. Nilijifunza kupunguza maji kila nilipopunguza mwendo, na kuangalia maji yanavyolala nyuma ya kitambaa badala ya kutazama wachezaji waliokuwa wakinisubiri. Tuliacha pia tabia ya kufungua mlango mkubwa wa nyuma kwa muda mrefu, kwa sababu hewa yenye unyevu ikiingia, unyevu huo hugeuka umande na jalidi juu ya barafu, na hilo nalo ni joto la kuondolewa. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyegundua kwamba kompresa ilikuwa ikipumzika zaidi usiku. Alipouliza sababu, Papa alinisukuma mbele nieleze. Safari hii nilieleza.

Ndipo akaturuhusu kujaribu maji ya nyuzi 40. Kwa watoto na watu waliokuja kujifurahisha, hakuna aliyeona tofauti. Lakini wachezaji wa hoki walilalamika kwamba barafu ilikuwa na mabaka meupe na ilimeguka upesi. Hapo nikajifunza kwamba msimamizi alikuwa na hoja, ingawa si ile aliyoitaja. Maji ya moto hubeba hewa kidogo, na huyeyusha kidogo uso wa barafu ya zamani, hivyo tabaka jipya hushikamana nalo vizuri. Maji yasiyo moto hubaki na hewa, na hewa hiyo huwa viputo ndani ya barafu. Tukaafikiana: nyuzi 60 kabla ya hoki, nyuzi 40 kwa vipindi vingine, na usiku uwanja ukifungwa barafu iachwe ipande hadi nyuzi 3 chini ya sifuri.

Zipo njia kubwa kuliko zetu. Viwanja vingine vina kifaa kinachozungusha maji kwa kasi ili kuyatoa hewa, hivyo havihitaji kuyapasha sana. Vingine hutundika chini ya dari pazia linalong'aa, kwa kuwa dari yenye vuguvugu huimulikia barafu joto saa zote. Na joto ambalo kompresa hulitupa nje linaweza kunaswa na kupasha maji ya mabafu na ya mashine yenyewe. Sisi hatukuwa na bajeti ya hayo. Tulikuwa na drili, rula na bomba la kufungua na kufunga.

Niliporudi Uganda na kuanza kusoma Kiswahili chuoni, ndipo nilipokutana na yule mwanafunzi aliyetajwa na msimamizi. Jina lake ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, huko Tanganyika. Alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaweka maziwa yake kwenye friji yakiwa bado moto, nayo yakawahi kuganda. Alipouliza sababu, mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Alipouliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, wenzake walimcheka. Lakini mgeni aliyeulizwa, mhadhiri wa fizikia Denis Osborne kutoka Dar es Salaam, alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 waliandika makala pamoja. Hadi leo wanasayansi hawajakubaliana kuhusu jambo hilo.

Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Jina la kijana aliyechekwa kwa sababu ya swali lake limekuwa jibu la kunyamazishia maswali ya wengine. Nadhani Mpemba mwenyewe angeniambia kama Papa: lete drili.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu hatutaendesha mashine ya barafu. Lakini kila mmoja wetu ana birika lake. Sasa nikiwa likizo Masaka, mama akiniagiza chai ya wateja watatu, napima maji kwa vikombe vitatu kabla ya kuyaweka jikoni. Mama hajui kwamba nilikwenda hadi Kanada kujifunza jambo aliloniambia nikiwa na umri wa miaka sita. Sijamwambia, maana najua atauliza kwa nini sikumsikia mara ya kwanza.