Upepo wa Makambako na Shamba la Mama

Ukisafiri kwa basi kutoka Iringa, utafika Makambako, mahali barabara inapogawanyika: moja yaenda Mbeya, nyingine yapanda Njombe na kuendelea hadi Songea. Reli ya TAZARA nayo hupita hapo. Akina mama wakishuka hukaza kanga na kumfunika mtoto mgongoni, kwa maana upepo wa hapa hauna simile. Kuanzia Juni hadi Septemba huvuma juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa.

Upepo huo unaong'oa mabati sasa ni mali. Kampuni ya Windlab ilibuni hapa mradi uitwao Miombo Hewani, wa kuzalisha umeme hadi megawati 300. Faida yake yaeleweka: upepo huzidi wakati wa kiangazi, ndipo mabwawa ya umeme hupungukiwa maji. Kwa jirani zetu wa Mufindi, mitambo mitatu midogo ya Mwenga ilianza kazi mwaka 2020.

Lakini mnara husimama juu ya ardhi, na ardhi ndiyo chungu cha watoto. Katikati ya minara watu huweza kuendelea kulima. Hata hivyo misingi, barabara na nyaya huchukua sehemu yake. Je, nani ataweka sahihi? Nani atapokea fidia?

Tujifunze kwa wenzetu wa Kenya. Karibu na Ziwa Turkana, mitambo 365 iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018. Oktoba 2021 mahakama huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa kufuata taratibu. Umeme ulikuwa ukiwaka, nao wenyeji walikuwa bado wanadai malisho yao.

Kwetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu kati yao ni wanawake. Mkutano mkuu wa kijiji nao ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18.

Basi, mama mpendwa, mkutano unapoitwa usibaki jikoni ukisema, "Baba watoto atanieleza." Zungumzeni kwanza nyumbani, kisha nendeni wote wawili. Ulizeni: ni shamba lipi, kwa miaka mingapi, na malipo yatakuja kwa jina la nani? Fidia ya siku moja huisha, lakini sare na madaftari huhitajika kila Januari.