Ufuo Usiotajwa Kitabuni

Katika masomo ya nadharia na uhakiki tumefunzwa kwamba mandhari ya riwaya ni zao la ubunifu. Mtunzi huazima mlima huku na bahari kule, akaviunga apendavyo, na mhakiki hana haja ya kufunga safari kwenda kuvitafuta. Ni fundisho lenye mashiko, wala sikushika kalamu ili kulibomoa. Ila kipo kijiji kimoja cha Ugiriki ambacho kimenifanya niliulize maswali.

Kijiji chenyewe ni Stoupa, katika eneo la Mani, kusini mwa rasi ya Peloponnese. Nilifika huko miaka miwili iliyopita, baada ya kongamano la wanafunzi mjini Athens, kwa basi hadi Kalamata na jingine lililozunguka milimani kiasi cha kilomita 45. Upande mmja wa kijiji ni mizeituni inayopanda kuelekea mlima Taygetus, wenye kimo cha zaidi ya mita 2,400. Upande wa pili ni bahari. Fuo zake mbili mashuhuri zina mchanga laini. Ule wa Kalogria, jina lenye maana ya mtawa wa kike, una ajabu yake: chemchemi za maji matamu hububujika kutoka chini ya bahari, hata muogeleaji akapita ghafla kutoka maji vuguvugu hadi maji ya baridi kali.

Historia ya hapo ni ndefu. Mji wa kale wa Leuctra, uliokuwa mahali hapo, ulitajwa na msafiri Pausanias katika karne ya 2. Kardamyli, jirani yake wa kaskazini, ni mmojawapo wa miji saba ambayo Agamemnon anaahidi kumpa Achilles katika utenzi wa Homer. Na Wamani walikuwa miongoni mwa Wagiriki wa kwanza kushika silaha dhidi ya utawala wa Waturuki mnamo Machi 1821.

Lakini kisa kilichonivuta ni cha mwaka 1917. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimeleta uhaba wa makaa ya mawe, na kijana Nikos Kazantzakis, mzaliwa wa Krete, akaja kuchimba makaa hayo huko Prastova, karibu na Stoupa. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Georgios Zorbas, mtu wa kaskazini mwenye maneno mengi na mikono isiyochoka. Kazantzakis alikaa kwenye kibanda ufuoni Kalogria. Mgodi haukuleta faida, ukafungwa. Zorbas alifariki mwaka 1941, na mwaka huohuo, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya kigeni na njaa ikiwaua watu, Kazantzakis akaanza kumwandika. Riwaya ilichapishwa mwaka 1946. Ndani yake mna mgodi, ufuo na Zorba, Stoupa haimo. Mtunzi alikihamishia kisa kwao Krete. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo mwaka 1964 nayo ilipigiwa Krete, na ngoma ya Zorba inayojulikana duniani kote ikachezwa katika ufuo wa Stavros.

Nilimuuliza mama mwenye nyumba niliyopanga iwapo jambo hilo linamuudhi. Alinijibu kwa utulivu kwamba mwandishi ana haki ya kuwapeleka watu wake atakako, ila waliobeba makaa walikuwa watu wa vijiji vya pale, na hakuna kitabu kilichowauliza majina. Jibu hilo halikunitoka akilini. Lilikubali fundisho letu la uhakiki kisha likaonyesha gharama yake.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunacho kinyume cha kisa hiki, tena katika lugha hiyohiyo ya Kigiriki. Katika karne ya 1 mfanyabiashara asiyejulikana jina aliandika mwongozo wa mabaharia wa Bahari ya Hindi. Anautaja mji wa Rhapta, soko la mwisho la pwani yetu, lenye pembe za ndovu na magamba ya kasa, na kusema kwamba jina lake linatokana na vyombo vilivyoshonwa. Msomaji anayeujua mtepe hahitaji kuelezwa zaidi. Hata hivyo, hadi leo wanaakiolojia hawajakubaliana Rhapta ilikuwa wapi. Stoupa ni ufuo uliopoteza jina lake kitabuni. Rhapta ni jina lililopoteza ufuo wake. Katika hali zote mbili, kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza wenyeji na kuandika majibu yao kabla hawajaondoka.

Ndiyo sababu tasnifu yangu kuhusu mandhari ya pwani katika riwaya ya Kiswahili ina sura inayotokana na mahojiano na wazee. Msimamizi wangu ameniasa kwamba sura hiyo inaelekea historia kuliko fasihi, na kwamba watahini wanaweza kuikataa. Kwa mwanafunzi anayejilipia karo, onyo hilo si dogo. Hata hivyo, nimeamua kuibakiza. Tangu nianze utafiti, wazee wawili niliowahoji wamefariki, na yale waliyonieleza juu ya bandari yao ya zamani sasa yamo katika daftari langu tu. Watahini wakiiondoa sura, nitaitafutia mahali pengine pa kuchapishwa.

Wanafunzi wenzangu, tuendelee kuisoma riwaya kama ubunifu, maana ndivyo ilivyo. Lakini kila tunapokutana na ufuo ukurasani, tuulize pia ni nani waliokuwa wakipakua mizigo hapo, na kama bado wapo wa kutujibu, twende.