KAWEKEWA VIENDELEZI KWENYE SIMU NA MPENZI WAKE, SIRI YA DOHA IKAVUJA

Kuna mdada mmoja wa Sinza, jina linahifadhiwa na wanaomjua wakae kimya tu, anauza nguo za mtumba gredi ya kwanza kupitia Instagram. Kazi yake yote iko kwenye simu. Laptopu yake ilipasuka kioo, fundi akamtajia bei ya kioo kipya, mdada akaifunga kwenye begi na kuisukumia chini ya kitanda.

Alichokikumbuka zaidi kwenye ile laptopu ni viendelezi, vile viprogramu vidogo unavyobandika kwenye brauza ili ikufanyie kazi za ziada. Alikuwa na cha kuzuia matangazo, cha kutunza paswedi na cha kufanya kurasa ziwe nyeusi usiku ili macho yasimuume. Kwenye simu, weee! Akifungua ukurasa wa bei za mabegi, tangazo linamrukia usoni, video inacheza yenyewe, bando la wiki linakata Jumatano.

Akahangaika kutafuta pa kubandika viendelezi kwenye Chrome ya simu yake ya Android. Hakupaona kwa sababu hapapo. Chrome ya kompyuta ina duka zima la viendelezi, ila ya simuni mlango huo haina.

Hapo ndipo shemeji yenu alipoingia.

Jamaa ni mtu wa kompyuta, yule ambaye mtaa mzima ukikwama na simu unamgongea yeye. Zamani alikuwa anatumia Kiwi, brauza ya Android iliyokuwa inakubali viendelezi vya Chrome, lakini mradi wake ulifungwa Januari 2025. Akamwambia mpenzi wake, "Bebi, lete simu, nakuwekea Firefox."

Firefox nayo ina historia yake. Ilipotoka upya kwenye Android Agosti 2020, viendelezi vilivyoruhusiwa vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole, na wazee wa kazi walilalamika sana. Desemba 2023 mlango ukafunguliwa, vikaingia zaidi ya 400. Wenye iPhone wana utaratibu wao: Safari inapokea viendelezi tangu iOS 15 ya mwaka 2021, na unavishusha App Store kama programu nyingine.

Basi, jamaa akaweka uBlock Origin ya kuzuia matangazo. Simu ikaonya kwamba kiendelezi kitafikia data za tovuti zote anazofungua. Mdada akashtuka. Jamaa akamtuliza, na hapo alikuwa sahihi: kizuia matangazo hakiwezi kulitoa tangazo bila kuuona ukurasa lilipo. Kisha akafanya jambo la pili, haraka haraka, bila kuuliza. Akaingiza akaunti yake mwenyewe kwenye ile brauza, ili paswedi ya muvi wanayochangia ijae yenyewe.

Mdada akafurahi. Kurasa nyepesi, matangazo hakuna, bando linafika Jumapili. Akampikia pilau.

Ila kuna kitu alikuwa hajakisema. Shosti wake aliyeko Doha alikuwa amemwambia kuna saluni inatafuta wasusi. Kila usiku, jamaa akishamwambia lala salama, yeye anasoma habari za viza, mishahara, vyumba vya kupanga. Upande wa pili, jamaa alikuwa ameshamweleza mama yake, na wajomba walikuwa wanapanga barua ya posa.

Siku moja wakagombana kwa jambo dogo tu, nani alichelewa kumjibu nani. Jamaa akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Kwani Doha unaenda lini?"

Mdada akaishiwa maneno. Hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata dada yake. Aliporudi nyumbani akakumbuka ile onyo ya data za tovuti zote, akajua mchawi kapatikana. Akafuta viendelezi vyote usiku uleule. Asubuhi akaenda Kariakoo kwa fundi anayemwamini.

Fundi akafungua mipangilio ya brauza, akamgeuzia simu. "Dada'angu, hii barua pepe hapa juu ni yako?"

Haikuwa yake.

Viendelezi havikuwa na kosa. Simu na laptopu zikiwa ndani ya akaunti moja, zinapeana kurasa zilizotembelewa, kurasa zilizo wazi na paswedi zilizohifadhiwa. Kila alichosoma kitandani Sinza kilikuwa kinajitokeza kwenye laptopu ya jamaa. Fundi akamtoa kwenye ile akaunti, akampa na habari ngumu: kujitoa hakufuti kilichokwisha kufika kule. Akamwambia abadilishe paswedi zote alizohifadhi humo, akianza na ya Instagram, maana ndiyo duka lake.

Jioni wakakutana. Jamaa akaapa hakupanga kumchunguza. Alikuwa anaandika anwani ya kitu kingine, ukurasa wa viza ukachomoza. Mdada akamwamini hapo. Akauliza swali moja tu: "Uliona lini?"

Wiki tatu zilizopita.

Siku ya kwanza inaweza kuwa bahati mbaya. Lakini siku ishirini zilizofuata jamaa alikuwa anafungua laptopu huku akijua atakutana na nini, na hakusema neno. Alipoulizwa kwa nini, akajibu kwamba alikuwa anasubiri aambiwe. Mdada naye hakuwa na pa kushikilia sana, kwa sababu mama wa watu alikuwa anatafutiwa kitenge cha posa huku mkwe anahesabu riali.

Wakakaa kimya mpaka chai ikapoa. Kisha mdada akamwomba afungue laptopu, afute kila kitu mbele yake. Jamaa akafuta. Ilichukua muda mfupi kuliko alivyodhani.

Mpaka sasa barua ya posa haijapelekwa, na tiketi ya Doha haijakatwa. Wanaongea. Mdada ameirudisha Firefox, na uBlock Origin yake, ila juu pale kuna barua pepe yake mwenyewe na paswedi anayoijua peke yake. Muvi akitaka kuangalia, anaandika paswedi kwa mkono, herufi moja moja.

Haya wadau, nani kakosea zaidi hapa: aliyeona akanyamaza, au aliyeficha safari? Na wewe, brauza ya simu yako ina barua pepe ya nani? Kaangalie kwanza, halafu tiririka hapo chini.