Poda ya Chini ya Macho

Jumatano, 2 Julai 2025. Arusha

Leo mama wa bibi harusi amekuja kufanyiwa majaribio ya mekapu. Sendofu, sherehe ya kumuaga binti, ni Jumamosi ya tarehe 12. Ni mwalimu, umri umeshapita hamsini, rangi yake ya kahawia imekolea vizuri, ila ngozi ni kavu, na chini ya macho ni kavu zaidi. Kabla sijashika brashi akanitamkia: "Mwanangu, poda usinipake. Kila nikipakwa poda natoka nimekuwa bibi."

Maneno hayo nayasikia sana kwa wanawake wa rika lake na yananiuma, maana sehemu kubwa ya mikunjo wanayoiona kwenye picha wala si yao. Ni poda iliyokauka juu ya konsila, ile rangi ya kufichia weusi, ikafuata kila kistari cha ngozi. Mtu anarudi nyumbani anaamini kioo kimemwambia umri wake.

Hata hivyo sikubali kuiacha poda kabisa. Konsila isiyoshikwa hutembea. Mama huyu atacheka, atasalimia ukumbi mzima, na akikabidhi zawadi atalia. Saa mbili za hivyo na konsila yote itakuwa imejikusanya kwenye ule mkunjo mmoja ulio karibu na pua. Nimemwomba anipe wiki moja nimtafutie poda inayomfaa. Amekubali, kwa shingo upande.

Ijumaa, 4 Julai

Baridi kali, wingu limeufunika Mlima Meru tangu asubuhi. Hakuna mteja. Nimetoa poda zote nikazipanga mezani na kusoma nyuma ya kila kopo.

Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kushuka hadi kilicho kidogo, na vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote mwishoni. Kwa hiyo kopo linalotangaza mbele, kwa herufi kubwa, kwamba lina asidi ya hayaluroni halinitikisi nikiikuta asidi yenyewe mkiani, baada ya vihifadhi. Poda inatawaliwa na majina matatu au manne ya mwanzo. Hayo ndiyo ya kusoma, hata kama maandishi ni madogo kiasi cha kuombea miwani.

Silika ikitangulia, naiweka pembeni kwa ngozi kavu. Chembe zake zina vitundu vingi vya kunyonya mafuta, na kwa uso unaong'aa ni msaada mkubwa. Kaolini, ule udongo mweupe, nayo hunyonya. Wanga wa mahindi na wa mchele hunywa maji. Sasa fikiria ngozi ya chini ya jicho: unene wake ni karibu nusu milimita, na tezi za mafuta hapo ni chache mno. Poda iliyoundwa kunywa mafuta haikuti mafuta ya kunywa, basi inageukia unyevu wa krimu na wa konsila. Baada ya muda konsila inapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na lawama anabebeshwa mwenye uso.

Talki na mika ni laini zaidi kwa kazi hii. Chembe zake ni bapa, huteleza, hazinyonyi kwa pupa. Lakini talki ina habari yake, na mteja akiuliza simfichi. Julai mwaka jana IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliiweka talki katika kundi la 2A, la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Hofu ya siku nyingi zaidi ni asbesto, kwa kuwa madini haya mawili huweza kukutwa pamoja ardhini. Mteja anapakwa siku moja kwa mwaka. Mimi na binti anayejifunza kwangu tunashinda kwenye vumbi hilo. Hiyo ni sababu yangu ya kwanza ya kuipenda poda iliyoshindiliwa kuliko ya unga: haipeperuki, haiingii puani wala machoni.

Sababu ya pili inamhusu yule mama mwalimu moja kwa moja. Ili poda ishikane ndani ya kopo, huchanganywa na mafuta kidogo au silikoni: skwaleni, dimethikoni, na jamaa zake. Mafuta hayo yanaifanya ilale juu ya ngozi kavu bila kuikamua. Hivyo natafuta ya kushindiliwa, mika mwanzoni, mafuta yatajwe mapema katika orodha, na isiwe na mng'ao wa kumetameta, kwa sababu chembe kubwa zinazometa huangaza kila mstari.

Jumatatu, 7 Julai. Sabasaba

Nimezunguka madukani. Poda ya "rangi moja kwa wote" ipo kila rafu. Kwenye ngozi nyeusi hiyo ni nyeupe, tusidanganyane, na chini ya jicho inaleta ujivujivu wa mtu aliyetoka kuugua. Wengi hukimbilia poda ya njano ile maarufu ya Ben Nye. Bwana huyo aliongoza idara ya mekapu ya 20th Century Fox, na kampuni yake ilianza mwaka 1967, ikihudumia zaidi jukwaa na filamu. Njano inapunguza weusi wa kibuluu chini ya jicho, na kwa maji ya kunde inapendeza. Kwa mama huyu itapauka. Anahitaji dhahabu iliyokolea, ikaribie chungwa.

Karibu na soko la Kilombero dada mmoja muuzaji akanisimamisha aniulize poda ya kuficha vizuri zaidi. Chini ya macho palikuwa pekundu, pamebabuka, ngozi imekuwa nyembamba hadi mishipa inaonekana. Mkorogo. Hizo krimu zenye steroidi, haidrokwinoni au zebaki hula ngozi, na chini ya jicho hakuna akiba ya kuliwa. Nilimwambia sitamuuzia wala kumtajia poda yoyote. Aende Moshi, hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi. Aliinama. Nikamwandikia jina la kituo kwenye risiti. Nataka aende.

Jumatano, 9 Julai

Jaribio la pili. Nimeipata poda niliyoitaka, ya kushindiliwa, bei yake haina huruma lakini itadumu.

Kwanza krimu yenye glisarini, kidogo, kisha tukapiga soga hadi ngozi ikainywa. Iliyobaki juu nikaifuta kwa karatasi laini, kwa kuwa poda ikikuta krimu mbichi hufanya mabonge. Konsila nyembamba, kwenye kona ya ndani na penye weusi tu. Nikamwambia, "Mama, tazama juu," nikabonyeza mkunjo kwa sponji hadi konsila iliyojikusanya ikatoka, na hapo hapo, kabla haijarudi, nikagusa poda kwa brashi ndogo laini. Kugusa tu, bila kusugua, na pale inapotembea tu. Mfupa wa shavu sikuupaka kitu.

Binti aliuliza kwa nini hatuachi poda nyingi ikae dakika kumi halafu tuipanguse, kama anavyoona kwenye video. Mtindo huo ulizoeleka jukwaani, kwa uso ulio chini ya taa kali na jasho. Kwa ngozi isiyo na mafuta, dakika kumi hizo ni za kuikausha.

Nikazima taa, nikampiga picha kwa flashi. Silika na titani dioksidi hujificha kwenye kioo zikajitokeza kwenye flashi, alama nyeupe chini ya macho, na hilo sharti lijulikane kabla ya siku yenyewe. Hakukuwa na weupe. Mama aliishika simu muda mrefu, akakuza picha kwa vidole. "Huyu ni mimi," akasema.

Jumapili, 13 Julai

Sendofu imepita. Alilia wakati wa zawadi, kama nilivyojua. Binti alikuwa karibu na kitambaa cha karatasi: bonyeza, usifute, wala usiongeze poda juu ya poda. Kwa mistari iliyojitokeza kulitosha kidole kisafi na manyunyu kidogo ya maji yenye glisarini. Saa tano usiku alikuwa bado anacheza.

Oda ya Agosti: poda mbili za kushindiliwa, dhahabu iliyokolea, moja ya chungwa kwa bibi harusi wa Septemba, ambaye ni mweusi zaidi, brashi ndogo tatu. Kopo la silika nampelekea mwenzangu wa Dar es Salaam. Huko nyuso zina mafuta na jasho mwaka mzima, litamfaa.